Nyumba ya Surabaya na Uchafu wa Watu

Surabaya, 20 Januari 2018

Mama Retno, mke wangu,

Assalaam aleikum. Afya ninayo, hasira zako ndizo sijui zimefika wapi. Simu zangu hupokei, na ulimwambia Retno nikiwa nimesimama palepale kwamba maneno ya mdomo wangu umeyachoka, nikiwa na la kusema niliandike, nisije kesho nikakana. Haya, naandika. Barua nampa Kasan, yule dereva wa basi dogo la Kediri. Na wewe ukijibu mpe yeye, huku anakuja karibu kila siku.

Ni kweli nyumba nimeilipia malipo ya kwanza kabla hujaiona. Nisingefanya hivyo ingechukuliwa. Ina vyumba vitatu, sakafu ya vigae, msikiti uko karibu, na kila jioni anapita muuza tofu ya kukaanga na mchuzi wa karanga. Jiko lina dirisha linalotazama mto. Mto wenyewe ni Brantas wetu uleule, ila ukifika huku wameupa jina la mji wao. Miaka yote nimekaa kwenye kibanda cha reli nikisikiliza treni, sasa nataka kusikiliza maji, ni dhambi?

Hajati Muntamah, aliyeniuzia, alikuwa amelipigilia misumari lile dirisha la jiko. Nilipomuuliza kulikoni, akasema ni kwa ajili ya wezi. Nimeing'oa yote, na upepo unaingia. Kuna harufu kidogo ya mto, ndiyo, lakini mtu anazoea.

Sasa nakuomba, usikaze shingo. Haji Mukhlas yuko tayari kuinunua nyumba yetu ya Kediri na kinachokosekana ni sahihi yako tu. Nisipommalizia Hajati fedha zake kabla ya mwisho wa Machi, nyumba inarudi kwake na nilichokwisha kulipa kimepotea. Tutakuwa tumekosa huku na huko. Tia sahihi, uje.

Mumeo,
Tarmuji


Kediri, 24 Januari 2018

Baba Retno,

Wa aleikum salaam. Mimi usinipambie maneno. Mwizi gani wa Surabaya anayepanda kutoka mtoni kuja kuiba sufuria? Huyo Hajati amekuuzia mbuzi kwenye gunia, na wewe umelibeba gunia mgongoni huku ukiimba. Ndiye wewe uliyenunua baiskeli isiyo na pedeli ukaniambia pedeli zinauzwa kando.

Nimeisoma barua yako mara ya pili. Umeandika mto, mto, mto, lakini hukusema maji yana rangi gani. Hukusema ukifungua hilo dirisha unaona nini. "Harufu kidogo." Nakujua, kidogo yako naijua. Siku ulipoanguka na pikipiki ukavunjika mkono uliniambia umechubuka kidogo.

Mimi nimezaliwa kando ya mto huu, sidanganyiki kwa maji. Niandikie ukweli, ndipo nifikirie sahihi. Ukinificha, hii nyumba siiuzi, na wewe ukae huko na upepo wako.

Retno anaingia zamu ya alfajiri kiwandani, kwa hiyo kutwa nzima Kinanti yuko mgongoni kwangu. Mjukuu wako ameota jino, na ananing'ata bega. Nimekutumia tofu ya manjano na viungo vya pecel, vile vya mchuzi wa karanga, vikoroge na maji ya moto, usivile vikavu kwa uvivu.

Mama Retno


Surabaya, 2 Februari 2018

Mama Retno,

Umeshinda. Kaa chini usome, na kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Ni nepi. Nepi za watoto, hizi za dukani za kuvaa mara moja na kutupa. Wiki iliyopita mvua zilikolea, huko juu wakafungua milango ya maji, na asubuhi nilipofungua dirisha sikuiona ngazi yangu ya nyuma inayoshuka mtoni. Ilikuwa imefunikwa na nepi. Zimelowa, zimevimba, nyingine zimepasuka, ule utomvu wa ndani umetapakaa kwenye mawe kama uji uliochacha, na humo ndani, unisamehe mke wangu, mavi ya watu. Nilikuwa na pecel yako mdomoni. Niliitema sahanini, na mpaka leo sijaweza kuila tena.

Ndiyo, harufu si kidogo. Inaingia kwenye mashuka, inaingia kwenye wali. Nimetengeneza mti wenye ndoana, kila siku nashuka kuzivuta, na kila siku zinakuja nyingine. Na pale chini kidogo, wallahi nimemwona kwa macho yangu, yuko mzee anavua samaki katikati ya uchafu huo, na samaki hao anawauza.

Halafu kuna jirani yangu, Bibi Sulikah, mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza. Jana niko ngazini na ndoana yangu, yeye akafungua dirisha lake, akaniita Pak Tar kama mtaa mzima unavyonifupishia jina.

"Umeamkaje, Pak Tar! Unafanya usafi? Vizuri sana!"

Na huku akinisifu, akarusha nepi ya mjukuu wake. Ilianguka majini mbele yangu, ikanirushia maji usoni.

"Wewe mama!" nikamwambia. "Huna haya? Jaa la takataka liko pale barabarani!"

"Jaani zinachomwa moto, Pak Tar," akasema, macho makavu. "Ukichoma nepi, makalio ya mtoto yanaungua. Mtoni ni baridi. Mtoto anakaa vizuri."

Mtaa mzima unaamini hivyo, na walioenda shule wanaamini zaidi. Kesho kutwa kuna kikao cha wanaume kwa mwenyekiti wa mtaa, na jambo hili nimelivalia njuga.

Tarmuji


Kediri, 6 Februari 2018

Baba Retno,

Nimeisoma barua yako nikaenda kutapika, nikarudi nikaimalizia, nikaenda tena. Retno alidhani nina mimba, eti. Astaghfirullah! Hao ni watu au ni nini? Mtu anamwamkia jirani yake huku anamrushia kinyesi! Surabaya yote hiyo, majengo marefu, maduka yenye viyoyozi, na chini wanaishi namna hiyo. Nguruwe ana nafuu, maana nguruwe hakusalimii.

Mtu mwenye haya hatupi uchafu wa mtoto wake mbele ya mlango wa mwenzake. Mwambie hivyo huyo Sulikah wako, mwambie mke wangu wa Kediri amesema.

Lakini nakuonya jambo moja, na hapa sitanii: usizichome. Nakujua ukikasirika. Hapo huyo mama amesema kweli, hata kama ni mchafu. Wewe umesahau, Retno akiwa mchanga yule binti wa kazi alichoma nguo yake yenye choo, tukakesha na mtoto makalio yamebabuka, analia mpaka sauti ikakauka. Wewe ulikuwa zamu kwenye kibanda chako, utajuaje? Zivute, uzifukie, ufanye unavyotaka, ila moto usiwashe. Hao watoto hawajakukosea kitu.

Sahihi sitii. Haji Mukhlas alipita tena jana na mkewe, wakapima dirisha la sebuleni wapate pazia, kana kwamba nimeshakufa. Niliwapa chai tu.

Kinanti hajambo. Ananenepa.

Mama Retno


Surabaya, 20 Februari 2018

Mama Retno,

Nimezichoma.

Usitupe barua, soma kwanza. Kwenye kikao nilizungumza vizuri tu, wakanisikiliza, wakanywa kahawa, wakasema Pak Tar ana hoja, kisha wakapanga rangi ya kupaka lango la mtaa. Asubuhi yake nikakuta nepi imenasa kwenye kamba niliyoanikia sarong yangu ya kuswalia. Damu ikanipanda. Alhamisi nikachukua pipa, nikazipanga nilizokuwa nimezianika uani siku zote hizo, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, unanuka plastiki na mavi, uliingia kila nyumba. Mimi nilisimama pale na mti wangu nikikoroga, na nakwambia kweli, nilifurahi.

Jumamosi wakaja. Bibi Sulikah mbele, mjukuu begani, nyuma yake akina mama wa mtaa mzima, na mwenyekiti Pak Karnoto katikati akijitia hamnazo. Wakamgeuza mtoto, wakanionyesha. Kweli makalio yalikuwa mekundu.

"Angalia kazi yako!" Sulikah akapiga kelele. "Mzee mzima umemchoma malaika!"

"Mama, hilo ni joto tu na—"

"Wewe una mtoto wa kumnyonyesha? Unajua nini? Miaka yote umepungia bendera treni!"

Kilichobaki nitakueleza kwa ufupi kwa sababu naona aibu. Pak Karnoto alinivuta kando akaniambia, Pak Tar, hapa utaishi na hawa mpaka ufe, malizeni. Basi nikachota majivu pipani, nikayachanganya na maji ya mtungi, nikayamwaga mizizini mwa mgomba kama walivyoniagiza ili moto wa mtoto upoe, halafu nikapiga magoti mbele ya makalio ya mtoto wa miezi saba, nikamwomba radhi. Kwa sauti, maana mara ya kwanza walisema hawakusikia. Na huyo malaika akanikojolea. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Walipokuwa wanaondoka, Sulikah akageuka. Hakuwa na hasira tena.

"Nikwambie kitu, Pak Tar? Za kwangu nikitupa zinashuka kwa watu wa chini. Zinazokwama kwako zimetoka kwa watu wa juu. Kagombane na wa juu."

"Wa juu ndio akina nani?" nikauliza.

"Mojokerto, Jombang, Kediri," akajibu Pak Karnoto. "Si kwenu kule?"

Tangu siku hiyo nina swali, na nakuuliza kwa upole kabisa. Za Kinanti mnazitupa wapi?

Tarmuji


Kediri, 23 Februari 2018

Tarmuji,

Nilikwambia usichome. Nilikuandikia kabisa, kwa wino!

Unataka kujua za Kinanti tunatupa wapi? Darajani. Haya, umefurahi? Kila baada ya swala ya alfajiri mimi na jirani yetu Bu Yayuk, mume wa Retno anatupakia kwenye pikipiki. Si mimi peke yangu, daraja zima linasimama. Lakini sisi hatutupi mbele ya mlango wa mtu! Pale katikati maji yana nguvu, yanachukua, hayarudishi, huoni tena. Sisi tunazifunga kwenye mfuko vizuri, hatuzirushi uchi kama huyo wa kwako. Usinilinganishe na Sulikah.

Na sasa wewe nijibu swali langu. Umesema ulichoma Alhamisi. Ijumaa asubuhi namvua Kinanti, nakuta ngozi imebabuka kuanzia mapajani mpaka mgongoni. Mtoto haketi. Nikimlaza analia, nikimbeba analia. Mpaka leo. Nilipofika kwenye neno lako "nimezichoma" nilikaa sakafuni. Ulikuwa na mti wako unakoroga, unafurahi. Ulikuwa unamkoroga nani, Tarmuji? Ulichunguza nani ni nani kabla ya kumwaga mafuta?

Umemchoma mjukuu wako. Mtoto wa watu umempigia magoti, wa kwako je?

Usinizungumzie nyumba, wala sahihi. Na pecel sileti.

Winarsih


Surabaya, 27 Februari 2018

Mama Retno,

Siamini mambo haya, unajua siamini. Lakini nilipoisoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Majivu yaliyobaki niliyachota kwa mikono yangu, yananuka bado, nikayamwagia maji, na nikamwomba Kinanti radhi nikiwa peke yangu uani. Sulikah aliniona. Safari hii hakucheka, aliniuliza tu, "Na wewe unaye?" Nikamwambia ninaye. Akaniletea mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Nampa Kasan pamoja na barua hii, mpake mtoto. Niambie anaendeleaje, hata kama ni kwa matusi.

Nikwambie lingine? Mpaka wiki iliyopita nilikuwa na kinyaa cha starehe. Wao wachafu, sisi wasafi. Nikivuta nepi nawatukana, moyo unatulia. Sasa nikivuta naigeuza kwanza kwa ndoana, naitazama, najiuliza. Nakwambia hakuna kazi inayochefua kama hiyo. Zote ni sawa. Mavi hayana jina.

Na mimi mwenyewe najichefua. Jana alikuja mtu kuulizia nyumba, kijana, mwalimu, mkewe mjamzito. Hajati alikuwa amemwambia huenda nikashindwa kumalizia malipo. Nikawakaribisha vizuri. Na kabla hawajafika jikoni, Mama Retno, nilitangulia nikalifunga dirisha, nikawasha udi. Yule binti akaniuliza, "Hapa panapita upepo, Babu?" Nikamwambia, "Sana." Wamependa. Wamesema wakisikia nimejiondoa watalipa.

Basi ni juu yako. Ukisema nirudi, wao watachukua nyumba, mimi narudi Kediri, na tutasahau. Sina nguvu ya kugombana na mtu tena, wa juu wala wa chini.

Tarmuji


Kediri, 10 Machi 2018

Baba Retno,

Kinanti amepona. Mafuta ya huyo Sulikah ni mazuri, mwambie nimesema, lakini usimwambie kwa furaha sana.

Sasa kuna jambo ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Nilimpeleka mtoto kwa mkunga Bu Hartini. Akamtazama, akaniuliza, "Bibi, nepi moja anakaa nayo muda gani?" Nikadanganya. Akaniuliza tena, Retno yuko palepale, ikabidi niseme. Kutwa nzima, na usiku.

Tangu barua yako ile ya ngazi, ile niliyotapika, nilikuwa namwachia mtoto nepi moja mpaka inaning'inia. Nilijiambia nikitupa moja tu kwa siku, sitakuwa mimi niliyekutapisha pecel yangu. Kwa watu nilikuwa natukana Surabaya, na nyumbani nilikuwa nambania mtoto. Bu Hartini hakunigombeza, alinipa dawa na akaniambia mtoto mdogo hawezi kukaa kwenye mkojo wake kwa sababu ya aibu ya watu wazima. Kwa hiyo si moto wako uliomchoma. Nimekuonea, nisamehe.

Nikaacha kwenda darajani. Nikawa nazifukia uani, pale nyuma ya mpapai, nachimba mwenyewe na mgongo huu. Siku moja, nimetoka kufukia, nikawafuata darajani, na Bu Yayuk akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia zinakokwenda, nikamwambia kuhusu ngazi yako. Akacheka. "Kwa hiyo mumeo ndiye anayezipokea? Msalimie!" Wakacheka wote, na wakatupa zao huku wanaita jina lako. Nilisimama pale nikawatazama, wanawake niliokula nao harusi na misiba, nikaona kinyaa ambacho sijawahi kukiona, na mfuko wangu mtupu bado uko mkononi unanuka.

Hao mwalimu na mkewe waambie hapana. Nyumba uliyoifungia dirisha na kuifukizia udi ili kumbambikia mtu mwenye mimba, tutaikalia sisi. Kama kuna mtu wa kukaa na harufu ile, ni sisi. Jana nimetia sahihi. Haji Mukhlas alikuwa na mafundi wake nje tayari, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba ua wote nyuma anamwaga saruji, aweke magari. Mpapai ameshaukata. Sijui wakichimba watakuta nini, sikubaki kutazama.

Retno na mumewe wamepata chumba karibu na kiwanda. Nilikwenda kukiona. Ni saruji mpaka ukutani, hakuna ardhi hata ya kufukia kiberiti. Nikamwambia, mwanangu, tumia vitambaa. Akanitazama alivyo, macho mekundu ya zamu.

"Nani atafua, Mama? Wewe si unaondoka?"

"Basi zipeleke jaani."

"Wazichome?" akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha, Mama. Ulinionyesha mwenyewe makalio ya Kinanti."

Nilimweleza mkunga alisema nini, na yeye alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Akasema anaelewa. Leo alfajiri, nikiwa nafunga vyombo, nikasikia pikipiki inawashwa nje, nikachungulia. Amekaa nyuma ya mumewe, mfuko mkononi, umefungwa vizuri kama nilivyomfundisha. Sikumwita.

Mimi nafika Jumamosi ijayo na basi la Kasan. Za mjukuu wako zitatangulia kwa mto. Ukizipata, usizichome.

Mkeo,
Winarsih